Ng'ombe Si Kizuizi

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeamua kuiokoa kazi ya mwanangu. Uamuzi nimeufikia saa nne asubuhi nikikuna nazi, na kabla nazi haijaisha mpango ulikuwa umekamilika. Watu wanasema niliishia darasa la saba. Kweli. Lakini darasa lenyewe nililimaliza!

Mambo yako hivi. Chaitra wangu (injinia, wa kwanza katika ukoo, upande wa baba na upande wa mama) kwa miaka miwili anaifundisha kamera kuona. Kamera inakaa kwenye paji la uso la basi. Nyuma yake kuna ubongo wa tarakimu, yeye anauita mtandao wa neva. Mimi nauita Ubongo, basi. Ubongo ukiona mtu mbele unakanyaga breki wenyewe, dereva hajapepesa hata jicho. Ukiona kitu kingine unapiga kengele. Hayo ndiyo matarajio. Juzi Ubongo ulimwona ng'ombe amelala katikati ya barabara, ukadhani ni kivuli cha mti.

Si kosa la mwanangu! Picha walizousomeshea zilitoka Ulaya, barabara zimenyooka kama pindo la sari na kila mtu yumo katika mstari wake. Hapa Mysuru nani anakaa katika mstari wake? Kwa hiyo Ubongo unatakiwa usome picha elfu nne za barabara zetu wenyewe. Na katika kila picha lazima binadamu achore visanduku: hapa bajaji, hapa pikipiki, kila kimoja na jina lake. Waliokuwa wakichora mkataba wao umekwisha, na bosi wake, Bwana Venugopal, hataki kuajiri wengine. Majaribio mbele ya wakuu wa shirika la mabasi ni Jumanne ya tarehe 19. Ubongo ukishindwa, kazi yote inahamishiwa ofisi ya Pune, na mwanangu anarudishwa kutengeneza programu ya mageti ya maegesho. Mageti!

Nilimuuliza kazi ya visanduku inahitaji shahada gani. Akajibu kwa unyonge kwamba inahitaji macho na subira tu. Macho ninayo. Subira nitaazima.

Kesho ni sikukuu ya Varamahalakshmi. Wanawake wa mtaa mzima watakuja kwangu kupakwa manjano na kumkumu, ile poda nyekundu ya kipaji. Mwaliko wa siku hiyo haukataliwi. Wakishaingia, nafunga mlango.

Ijumaa, 8 Agosti

Ushindi! Nilimpamba mungu wetu wa kike Lakshmi akapambika. Nikapika holige, chapati tamu za nazi, sabini na haikupasuka hata moja. Wamekuja wanawake kumi na mmoja. Nimewapaka manjano, nimewapa maua, bangili na tambuu. Kisha, walipokuwa wanatafuta ndala zao, kila mmoja nikampakatisha kompyuta. Chaitra alizitoa kwenye ghala la ofisi. Kuukuu, lakini zinawaka.

Pankaja akauliza kama hii ni sikukuu au usaili wa kazi. Huyu Pankaja tunapakana ukuta kwa ukuta, na mwanawe ni daktari wa meno. Utaambiwa hilo kabla hujaketi. Nikamjibu kwamba Lakshmi hapendi mikono iliyolala. Akamaliza holige ya nne, akachukua kompyuta.

Chaitra akatupa masharti. Kisanduku kibane, kiguse ncha ya pembe na ncha ya mkia. Kila kitu na kisanduku chake. Jina lichaguliwe katika matano yaliyomo: mtu, gari, pikipiki, bajaji, kizuizi. Kisichokuwa kati ya yale manne ya kwanza ni kizuizi. Pipa, jiwe, tawi la mti, mbwa, lundo la nyasi.

Nikauliza, na ng'ombe? Akasema na ng'ombe pia, Amma, hilo ni jina la kitufe tu, orodha imetoka makao makuu na haiguswi. Akaenda zake ofisini.

Nikafungua picha ya kwanza. Ng'ombe mweupe, amelala pale njiapanda ya barabara ya Nanjangud, ananitazama. Nikachora kisanduku, kizuri, kikabana pembe na mkia. Ikabaki jina. Kidole kikaenda kwenye "kizuizi" kikagoma. Nikakisukuma. Kikagoma tena.

Nikatafakari. Ng'ombe ana jina. Ana hasira. Ana wivu na ndama wa mwenzake. Kila asubuhi Gauri, ng'ombe wa jirani Ningamma, anapita mlangoni kwangu kuchukua ndizi yake, na nikichelewa ananinunia. Kuna watu mtaani humu hawana hata nusu ya hayo.

Nikabonyeza "mtu". Roho ikatulia.

Jumapili, 10 Agosti

Mimi ndiye msimamizi. Sikuchaguliwa, lakini hakuna aliyepinga haraka. Nimewaeleza wenzangu kuhusu ng'ombe, na kumi wamekubali papo hapo. Ningamma, mjane mwenye ng'ombe wawili na macho ya shida, alifuta machozi. Alisema amengoja miaka sitini serikali itambue jambo hilo.

Pankaja amekataa. Anasema sheria imesema kizuizi, na yeye ni mtu wa sheria, kwao wanasoma maelekezo hata ya dawa ya mswaki. Nikamwambia aendelee na moyo wake wa jiwe. Akaendelea. Tatizo anaendelea kwa kasi! Saa sita mchana alikuwa na picha mia mbili na kumi na mbili, mimi mia na arobaini. Msimamizi!

Mbinu: visanduku vikubwa. Pikipiki saba zimesimama kwenye taa, mimi kisanduku kimoja, twende. Mpaka saa kumi nilikuwa na mia tatu na tano. Nikapiga makofi ili wote wajue.

Mwenye nyumba, yaani baba yake Chaitra, alipita nyuma yangu na gazeti lake. (Jina lake siliandiki hata humu. Mama yangu hakulitaja jina la baba kwa miaka hamsini, sembuse mimi.) Alitazama kioo, akasema ameendesha basi la serikali miaka thelathini na mmoja na hajawahi kukutana na pikipiki ya magurudumu kumi na manne. Chaitra akasikia. Nimerudia picha mia moja na sitini. Pankaja alicheka mpaka bangili zikalia. Kahawa yake ya jioni nimempa bila sukari.

Jumatano, 13 Agosti

Zimekwisha! Picha elfu nne, siku sita. Chaitra amenikumbatia mbele ya watu. Amesema ofisi nzima isingeweza. Nikamwambia ofisi nzima haina mama.

Sasa Ubongo unasoma. Nilimuuliza unasomaje bila mwalimu. Akasema unakisia, unaambiwa umekosea, unajirekebisha kidogo, unakisia tena, mara maelfu na maelfu. Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyomlea baba yako. Mwenye nyumba aligeuza ukurasa wa gazeti kwa nguvu.

Nimemwambia muuza maua. Nimemwambia kuhani wa hekalu la Ganesha. Nimempigia dada yangu kule mji wa Hassan, nikamwambia basi la kwanza litaandikwa jina la Chaitra ubavuni kwa herufi kubwa. Hilo hakuna aliyeliahidi, ila litakuja tu. Dada akauliza lini. Nikasema Jumanne. Sasa anakuja na mume, wifi, na wifi wa wifi.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya Uhuru. Bendera kila mahali. Mimi sina uhuru, nina aibu.

Leo Ubongo umejaribiwa kwa mara ya kwanza kwenye basi la zamani la shirika. Usukani alikuwa nao mwenye nyumba, kwa kuwa bado ana leseni na anaijua ile barabara hata akiwa amefumba macho. Chaitra mbele na kompyuta yake. Bwana Venugopal kiti cha nyuma yake. Mimi nilipanda na wali wa limau na karanga katika chombo kikubwa, maana watu hawawezi kuona ukweli na njaa.

Mwanzo, lo! Bajaji iliyobeba magodoro, Ubongo ukasema bajaji. Mama na watoto watatu wakivuka, mtu, mtu, mtu, mtu. Breki taratibu kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Nilimgusa Bwana Venugopal begani nikamwambia huyo aliyefanya hayo nilimnyonyesha miaka miwili.

Kisha tukamkuta ng'ombe.

Kwenye kioo ikaandika MTU. Breki! Ikaandika KIZUIZI. Breki ikaachia, kengele. MTU. Breki! KIZUIZI. MTU. KIZUIZI. Basi likawa linapiga hatua kama mlevi anayetafuta ufunguo. Wali wa limau ulinitoka mikononi ukamkuta Bwana Venugopal kuanzia utosini. Ng'ombe mwenyewe hakuinuka, alikuwa amelala anatutazama tu.

Mwenye nyumba alizima injini. Akasema dereva wa namna hii angemshusha njiani, aende kwao kwa miguu. Bwana Venugopal, akitoa karanga kwenye sikio, akauliza kwa upole wa kutisha kwa nini ng'ombe mmoja anabadilika kila nusu sekunde kama mgombea wa ubunge. Chaitra aliinamia kompyuta yake. Alikuwa amepauka kama unga.

Nikasema huenda lenzi ina vumbi. Wakaifuta. Nikasema basi huenda kuna watu katika kikosi hawakufuata maelekezo ya msimamizi. Huo haukuwa uongo! Pankaja hakuyafuata.

Chaitra akasema vizuri, Amma, kila picha ina jina la aliyeichora, kesho nitapitia moja moja.

Nikaanza kuokota wali sakafuni.

Jumamosi, 16 Agosti

Amepitia. Ameona kwamba ng'ombe wote ni watu, isipokuwa wa Pankaja.

Aliyekuwa juu ya orodha kwa wingi wa ng'ombe-watu ni Ningamma. Chaitra akamwita, akamuuliza kwa heshima kama macho yalimsumbua. Ningamma alinitazama mara moja. Akasema ndiyo, mwanangu, ni macho yangu haya ya kizee, na wenzangu waliniiga. Akaomba msamaha. Akamwekea mwanangu mkono kichwani, akaondoka na fimbo yake.

Nikarudi jikoni kukaanga haradali. Haradali ikaungua. Nikakaanga nyingine nayo ikaungua. Mwishowe nikasema nikiwa nimempa mgongo, nikiitazama sufuria, kwamba ni mimi.

Akauliza ni wewe nini, Amma.

Nikamwambia. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikamwambia na lile ambalo hakulijua. Alikuwa na miaka minane. Baba yake alikuwa na basi la alfajiri kutoka Nanjangud, abiria arobaini, ukungu mzito. Hakuna abiria aliyeumia. Ng'ombe alikufa. Chaitra anakumbuka baba alivyorudi, akaoga mara tatu na asile siku mbili. Asichokijua ni karatasi. Ofisini waliandika kwamba gari liligonga kizuizi barabarani, weka sahihi hapa. Baba yake akasema andikeni nilichokigonga. Wakasema fomu haina nafasi hiyo. Hakuweka sahihi. Wakamtoa barabarani miezi mitatu, akawa anafagia karakana. Mtaani tukasema anaumwa mgongo.

Sasa na mimi nimewekewa kioo mbele, na ng'ombe, na neno lile lile. Kidole changu kingefanyaje?

Chaitra alikaa chini sakafuni. Mimi nikajiandaa kukumbatiwa. Nikaizima hata gesi.

Akapiga kelele! Amma, kwa nini hukuniambia! Picha elfu nne! Zimebaki siku tatu! Ukiumwa jino unaniambia, Pankaja akinunua pazia unaniambia, hili ndilo umenyamaza nalo! Sijawahi kumsikia mwanangu akipaza sauti hivyo. Sauti nzuri, kwa kweli. Kali. Amerithi kwangu.

Mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Amesikia yote, pamoja na mgongo. Hakuligusa lile la karatasi. Akaongea kama anayemwelekeza mtu njia. Pipa, alisema, unalizunguka. Mtu, unasimama, naye anaondoka. Ng'ombe si huyu wala si lile. Ukimfanya pipa utamuua, ukimfanya mtu utangoja pale mpaka jioni. Ng'ombe unapunguza mwendo ukiwa mbali, unamtazama. Akitaka kuondoka huinua miguu ya nyuma kwanza, na huelekea kule kichwa kilikoelekea. Wewe pita upande wa pili, polepole. Siku ile ukungu ulikuwa mzito, sikuona miguu.

Akaenda kunywa maji.

Chaitra alikuwa ameshachukua kalamu. Aliandika nyuma ya kalenda ya ukutani kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Kisha akampigia simu Bwana Venugopal, akasema anataka jina la sita: ng'ombe, na Ubongo ufundishwe kumtazama miguu. Kule wakasema orodha haiguswi. Mwanangu akasema sawa, basi Jumanne yeye Bwana Venugopal ndiye atakayewaeleza wakuu wa shirika habari ya wali wa limau. Akakubali, kwa sharti: picha zote za ng'ombe ziwe zimerekebishwa kufikia Jumatatu jioni. La sivyo mradi unaingia kwenye majaribio na Ubongo wa zamani, ule wa kivuli cha mti.

Visanduku vya ng'ombe ni elfu mbili mia sita na kumi na kimoja. Na haviwezi kubadilishwa kwa mpigo mmoja, maana vyangu vimechanganyika na watu na vya Pankaja vimechanganyika na mapipa. Lazima jicho la binadamu, kimoja kimoja.

Jumapili, 17 Agosti

Nimewaita wote. Nilikuwa nimejipanga kusema maelekezo mapya yametoka juu. Pankaja akauliza juu wapi, darini? Nikatazama, nikamwona Ningamma ameketi pembeni na ile aibu aliyoibeba kwa ajili yangu. Ikanitoka yenyewe: nilikosea mimi, niliwapoteza mimi, Ningamma hana kosa, macho yake yana haya kuliko yangu. Mmoja akakohoa. Kisha wakaanza kufungua kompyuta.

Pankaja akabaki amesimama, mikono kiunoni.

"Mimi nilifuata sheria, narudia," alisema. "Wewe ulivunja sheria, unasimamia. Hii dunia, Sarvamangala!"

Nikampisha mahali pangu. Mara ya kwanza tangu nimjue. Akaketi. Amechora tangu saa mbili asubuhi mpaka kiganja kikamvimba, na alipopumzika ilikuwa tu kumfungia Ningamma kamba ya miwani. Mchana alitoka akarudi na mto wake wa kukalia, maana anasema sakafu yangu ni ya kuadhibia wezi.

Kahawa yake nimeweka sukari. Vijiko viwili. Cha pili amekilalamikia.

Jumatatu, 18 Agosti

Cha mwisho kimechorwa saa kumi na moja na dakika arobaini. Ningamma ndiye aliyekichora. Gauri mwenyewe, alipigwa picha mbele ya duka la dawa! Tumempigia makofi.

Chaitra ameondoka na kila kitu kwenda ofisini Ubongo ukasome. Macho mekundu. Hakunikasirikia tena, lakini alinishika mabega, akasema Amma, kesho wewe huna kazi yoyote. Kaa nyumbani. Niahidi.

Nikaahidi.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekaa nyumbani mpaka saa tatu na nusu.

Nifafanue. Majaribio ni kwenda Nanjangud na kurudi, na wakuu wawili wenye madaftari wanaandika kila kitu ambacho Ubongo hautakiona. Vikifika sita, kwisha. Nikawaza: mwanangu amehangaika na ng'ombe, halafu je, leo wasipokutana na ng'ombe hata mmoja? Jitihada zote ziende bure? Mtihani bila swali ulilolisoma, huo ni mtihani gani?

Nikamwazima Gauri. Ningamma aliuliza wa nini. Nikasema matembezi.

Mpango ulikuwa safi. Nisimame naye kando ya barabara, penye mwanga mzuri, ubavu ukielekea kwenye kamera. Basi lipite, Ubongo useme ng'ombe, wakuu waandike, mimi nirudi kupika. Sari nimevaa ya kijani, ile ya hariri, endapo nitaonekana.

Gauri alifika ukingoni, akanusa lami, akaipenda. Lami ya asubuhi ina joto. Akatembea mpaka katikati ya barabara akalala.

Nikavuta kamba. Nikamsukuma. Nikamwahidi ndizi. Nikamwita kwa jina la mama yake. Anatafuna tu! Na kule mwisho wa barabara, penye kona, nikaliona basi. La buluu. La mwanangu.

Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Nikaona ukungu ambao haukuwepo. Nikawa naruka na kupunga mikono, napiga yowe, sari imefunguka pindo. Kisha sikuruka tena, nikamkumbatia Gauri shingoni nikafumba macho.

Nikasikia kengele, mbali. Mbali kuliko nilivyotegemea. Nikasikia injini inashuka, inashuka, kama mtu anayevua viatu kabla ya kuingia. Nikafumbua jicho moja. Basi lilikuwa limepunguza mwendo mapema kabisa, linatambaa, kama linanyata. Likasimama hatua thelathini kutoka tulipokuwa. Likangoja. Gauri akalitazama. Akapumua. Akainua miguu ya nyuma, halafu ya mbele, akageukia kushoto kule kichwa kilikokuwa, akaondoka bila haraka akiniburuta kwa kamba. Basi likapita kulia, polepole.

Kwenye kioo cha mbele niliuona uso wa Chaitra. Sitaueleza.

Matokeo: wamekosa vinne. Lori la majani ya miwa, mbwa wawili, na bajaji iliyobeba viti mpaka haikuonekana kama bajaji. Vinne tu! Wamefaulu! Mkuu mmoja aliandika kwamba ng'ombe wa kilomita ya sita ameshughulikiwa vizuri kuliko madereva wake wote. Mwingine akauliza yule mama wa sari ya kijani aliyekuwa anacheza barabarani ni nani. Chaitra akasema hamjui.

Hamjui! Nimemsamehe. Alikuwa na uchovu.

Dada yangu wa Hassan alifika saa kumi na msafara wake, akaulizia jina ubavuni. Nikasema rangi haijakauka.

Alhamisi, 21 Agosti

Mabasi kumi! Shirika limeagiza kamera kwa mabasi kumi ya njia za kusini, na orodha mpya yenye jina la sita inakwenda mpaka Pune. Wao ndio wanajifunza kwetu! Chaitra ameitwa huko mpaka Jumatatu kuwaeleza. Aliponiaga aliniletea kamba ya jasmini akanichomeka mwenyewe nyweleni. Akanong'ona kwamba nikimgusa ng'ombe tena siku ya kazi atanihamishia Hassan. Tukacheka. Yeye kidogo, mimi sana.

Jana mwenye nyumba alipanda lile basi la majaribio, kiti cha mbele, kwenda na kurudi. Aliporudi alitundika shati, akaoga mara moja, akala sahani mbili. Nilimuuliza limeonaje. Akasema limepunguza mwendo mapema kuliko yeye siku ile. Akaomba maziwa ya mgando. Basi. Nilisimama jikoni muda mrefu na bakuli mkononi, na sikusema neno. Hilo nalo liandikwe.

Sasa kazi. Leo zimeletwa picha mia sita mpya: tembo wa maandamano ya sikukuu ya Dasara, wanaozoeshwa matembezi mjini kila asubuhi. Majina yaliyopo ni sita, na tembo hamo. Chaitra ameacha ujumbe kwamba tembo tusiwaguse, tungoje arudi aulize makao makuu.

Nimeitazama picha ya kwanza kwa makini. Tembo wa Dasara anabeba kiti cha dhahabu na mungu wa kike ndani yake. Ana dereva shingoni. Anakaa kushoto mwa barabara. Akiambiwa simama anasimama, akiambiwa twende anakwenda, na anafuata mwenzake kwa mstari kuliko basi lolote la mji huu.

Gari. Hilo halihitaji makao makuu.

Nimewakusanya wenzangu. Ningamma aliuliza kama tusimpigie Chaitra kwanza. Nikamwambia mtoto yuko mkutanoni na watu wakubwa, kwa nini tumsumbue kwa jambo lililo wazi. Pankaja alifunga kompyuta yake, akaenda kwao bila kunywa kahawa. Wivu tu.

Mpaka jioni tumemaliza mia nne na ishirini. Jumatatu mwanangu akishuka kwenye treni atakuta zote ziko tayari. Naiona furaha yake hata sasa.